SAHIHI ISIYO SAHIHI

 

Lugha yetu ina ucheshi wake. Lile jina unaloliandika kwa mkono wako chini ya barua huitwa sahihi. Jambo la kweli lisilo na kasoro, nalo huitwa sahihi. Neno ni lile lile. Nadhani ni kwa sababu ukiweka sahihi yako mahali, umejitoa kuwa shahidi kwamba jambo hilo ni la kweli. Leo nataka kutoa maoni yangu juu ya sahihi zisizo sahihi. Nitaanza na zile za wanamichezo mashuhuri, maana ndizo zilizotuvuruga hapa kidato cha tatu mwaka huu. Kisha nitafika mahali ambapo mimi mwenyewe sipapendi. Lakini nisipofika huko, makala haya nayo yatakuwa bandia.

Mambo yalianza hivi. Muhula wa kwanza, siku ya soko pale Kikima, alitokea mchuuzi mmoja na gunia la fulana nyeupe zenye picha ya Eliud Kipchoge akikata utepe. Baadhi ya fulana zile zilikuwa na sahihi nyeusi chini ya picha, imejikunja vizuri kama mkia wa kinyonga. "Hii ameiandika mwenyewe, kwa mkono wake," mchuuzi akaapa, huku akilamba kidole na kukielekeza mbinguni. Fulana isiyo na sahihi ilikuwa shilingi 300. Yenye sahihi, shilingi 800. Rafiki yangu tunayeketi naye deski moja alikuwa na 800 mfukoni. Tatizo ni kwamba hizo zilikuwa pesa za chakula cha mchana. Sisi wa shule ya kutwa tunajua maana yake. Wenzako wakipanga foleni ya muthokoi, wewe unajifanya unasoma Jiografia.

Simlaumu. Nani asiyemjua Kipchoge? Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, Austria, alikimbia masafa ya marathoni kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40. Mbio zile hazikuingizwa katika rekodi rasmi kwa jinsi zilivyoandaliwa, lakini hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia hivyo kabla yake. Na sisi watu wa Ukambani tusijione watazamaji tu. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Patrick Makau, wa huko huko Machakos, aliweka rekodi ya dunia mjini Berlin tarehe 25 Septemba 2011, saa mbili, dakika tatu na sekunde 38. Sahihi ya mtu kama huyo si wino tu. Inakuambia kwamba siku moja mkono wake ulifika hapa, kwenye karatasi hii uliyoishika. Ndiyo maana watu hulipa. Na ndiyo maana walaghai nao wako macho.

Rafiki yangu alipokuja na fulana yake darasani, niliivuta kidogo pale penye sahihi. Ikapasuka-pasuka kama matope ya bwawa wakati wa kiangazi. Nikaipapasa, nikaona imekaa juu ya kitambaa kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Nikaigeuza nje ndani, hakuna hata doa. Wino wa kalamu hauko hivyo. Chukua kitambaa kikuukuu, uandike juu yake kwa ile kalamu nene ya kuandikia manila, uone wino unavyozama ndani ya nyuzi na kutambaa pembeni. Ile ya fulana ilikuwa imechapishwa kwa mashine pamoja na picha.

Siku ya soko iliyofuata nilirudi, nikaomba kutazama fulana mbili kwa pamoja. Nikaziweka moja juu ya nyingine, nikazielekeza kwenye jua. Sahihi zikalaliana kama mtu na kivuli chake: mkia ule ule, nukta ile ile, pembe ile ile. Hapo kesi ikaisha. Mkono wa mtu si mashine. Andika sahihi yako mara kumi sasa hivi nyuma ya daftari. Zitafanana kama ndugu wa tumbo moja, lakini hutapata mbili zilizo sawa kabisa. Ukiona mbili zisizo na tofauti hata ya unywele, ujue kuna mhuri, mashine, au mtu aliyefuatisha mistari ya mwingine.

Tangu siku hiyo nilishikwa na hamu kama ya mlevi. Nilisoma kila nilichopata juu ya jambo hili, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, tazama mwendo wa kalamu. Mtu anayeandika jina lake mwenyewe haendi akifikiri. Kalamu inakimbia, mstari unakuwa mzito hapa na mwembamba pale, na mwisho wake huchongoka kama ncha ya mkuki kwa sababu kalamu imeinuliwa ikiwa bado mbioni. Anayeghushi huchora. Huenda polepole akichungulia mfano, mkono unatetemeka, anainua kalamu mahali pasipo na sababu, kisha anarudia kupaka wino palipokatika. Mwisho wa mstari wake ni butu.

Pili, tazama chombo. Kama ni picha au kadi, azima lenzi ya mkono kutoka maabara. Sahihi iliyochapishwa mara nyingi itaonekana kama kundi la vidoa vidogo vidogo. Ya kalamu ni mstari mmoja wa wino, na pengine utaona hata mfereji mdogo mahali ncha ilipokandamiza karatasi.

Tatu, tazama tarehe. Kelvin Kiptum, aliyekimbia Chicago kwa saa mbili na sekunde 35 tarehe 8 Oktoba 2023, alituacha tarehe 11 Februari 2024 katika ajali ya barabarani. Basi mtu akikuletea picha ya Michezo ya Olimpiki ya Paris, iliyofanyika Julai na Agosti 2024, ati imetiwa sahihi na marehemu, huhitaji lenzi. Unahitaji kalenda.

Nne, uliza hadithi yake. Ilitiwa wapi? Lini? Nani alikuwapo? Mwanariadha anayeamka alfajiri kukimbia mamia ya kilomita kwa mwezi atapata wapi saa za kutia sahihi gunia zima la fulana ili ziuzwe Kikima?

Wala usidanganywe na cheti. Huko San Diego, California, katika miaka ya 1990, kulikuwa na kundi la watu walioghushi sahihi za wachezaji kwa maelfu na kuziuza pamoja na vyeti vya kuthibitisha kwamba ni halali. Vyeti navyo vilikuwa bandia. Wapelelezi wa FBI walijipenyeza miongoni mwao, na mwaka 1999 wakavamia nyumba na maghala yao. Waliokamatwa walikuwa wameuza vitu vya mamilioni ya dola. Kati ya bidhaa bandia zilizopatikana katika upelelezi huo palikuwa na mipira ya besiboli yenye sahihi ya Mama Teresa. Hebu fikiria, mtawa wa Calcutta aliyehudumia maskini, ati akitia sahihi mipira ya besiboli! Na bado palikuwa na wanunuzi. Mtu akitaka sana kuamini, macho yake huenda likizo.

Haya, nirudi darasani. Niliyoyagundua juu ya fulana ya rafiki yangu sikumwambia faraghani. Niliyatangaza mbele ya darasa zima, nikasimama hata juu ya kiti. Watu walicheka mpaka wengine wakatokwa na machozi. Yeye alikunja fulana yake, akaitia mkobani, na kwa wiki mbili hakunisemesha. Mimi nikapewa cheo cha "Profesa wa Sahihi". Wakaanza kuniletea vitu: kadi za wachezaji wa Uingereza, picha, hata kofia. Nilitazama kila kimoja kwa sekunde chache, nikatoa hukumu kama hakimu. "Bandia. Bandia. Hii pia bandia." Nilikuwa nimesahau kwamba nyani haoni kundule.

Sasa nimefika pale nilipopaogopa.

Mwaka jana, kidato cha pili, muhula wa tatu, nilipata D katika Hisabati. Ripoti ilitakiwa irudishwe siku ya kufungua shule ikiwa na sahihi ya mzazi. Sikumwonyesha mama. Nilimwambia ripoti bado hazijatolewa, kisha nikakaa nyuma ya ghala nikaandika jina lake mimi mwenyewe. Niliandika haraka, kwa mkono mwepesi, kwa mkia mrefu wa kupendeza. Mwalimu wa darasa aliipokea, akaiweka kwenye faili, mambo yakaisha. Au nilidhani yameisha.

Muhula wa kwanza mwaka huu nilijitahidi, Hisabati ikapanda hadi C. Safari hii nilikimbia nyumbani na ripoti mkononi. Mama alinawa mikono, akaifuta kwa leso, akaketi mezani. Mama yangu aliacha shule darasa la tatu. Mkono wake ni hodari wa jembe. Matuta yote ya shamba letu kwenye ule mteremko ni kazi yake. Lakini kalamu kwake ni kitu cha siku kuu. Aliandika jina lake herufi moja baada ya nyingine, akipumzika kati ya herufi na herufi. Mstari ulitetemeka. Mahali pamoja wino ulikatika, akarudia juu yake. Alipomaliza alitabasamu kana kwamba ndiye aliyefanya mtihani.

Siku ya kufungua muhula wa pili mwalimu wa darasa aliniita. Alikuwa ameziweka ripoti mbili mezani, ya zamani na mpya. "Kijana, ni nani aliyetia sahihi hii?" akauliza, akionyesha ile mpya.

"Ni mama, mwalimu."

"Mama yako ni huyu," akasema, akiweka kidole juu ya ile ya kwanza. "Huyu wa pili ametetemeka kama mwizi. Kesho uje naye."

Msomaji, nataka uone vizuri jambo hili. Zipime sahihi zile mbili kwa kanuni zangu nilizokuandikia hapo juu. Ya kwanza ina mwendo, ina mwisho uliochongoka, haina mtetemo. Ya pili ni ya polepole, kalamu imeinuliwa ovyo, mstari umepakwa upya. Profesa wa Sahihi angesema nini? Angesema ya kwanza ni halali na ya pili ni bandia, na darasa lingempigia makofi. Kumbe ya kwanza ndiyo niliyoghushi, na ya pili ni ya mama yangu mzazi.

Kesho yake mama aliacha palizi, akapanda mlima na kyondo chake mgongoni hadi shuleni. Mwalimu alimpa karatasi nyeupe akamwomba aandike jina lake mara tatu. Aliandika. Zote tatu zilitetemeka, zote tatu zilikuwa tofauti kidogo, na zote tatu zilikuwa za mkono mmoja. Mwalimu akazitazama, akatazama ile ya kwenye faili, kisha akanitazama mimi. Mama naye akaitazama ile ya faili. "Na hii nyingine ni ya nani?" akauliza kwa upole. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilikiri. Adhabu niliyopewa shuleni ilikuwa ya haki na nimeimaliza. Lakini njiani kurudi nyumbani mama hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Tulipofika kwenye mto alisema tu, "Mimi nilidhani jina langu ndicho kitu ambacho hakuna wa kuniibia."

Basi maoni yangu ni haya. Watu hudhani sahihi ya kughushi humdhuru mtu mmoja, yule aliyeuziwa. Wengine huongeza wa pili, mwenye jina, maana jina lake limeuzwa bila ruhusa yake. Mimi nasema kuna wa tatu, naye ndiye anayesahaulika: mwenye sahihi ya kweli ambaye sasa haaminiki. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Fulana moja ya uongo ikishapita sokoni, mzee aliyekutana na Ndeti akaandikiwa jina kwenye Biblia yake ataambiwa naye ni mwongo. Karatasi yangu moja ya uongo ilipoingia kwenye faili, ikageuka kuwa kipimo, na mama yangu alipopimwa nacho akaonekana mwizi wa jina lake mwenyewe.

Najua wako watakaopinga. Wengine husema, "Wacha mtu afurahie fulana yake, inamdhuru nani?" Furaha si kosa. Lakini mchuuzi hakuuza furaha, aliuza uongo kwa shilingi 500 juu ya bei ya fulana, na uongo huo ulilipwa kwa chakula cha mtoto mwenye njaa. Wengine nao husema, "Kutilia mzazi sahihi ni mambo ya shule tu, kila mtu hufanya." Sheria haisemi hivyo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 345, inaeleza kughushi kuwa ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Haikusema fulana wala cheki wala ripoti. Na mazoea ya ripoti leo ndiyo mazoea ya hati ya shamba kesho. Hapa kwetu, ambapo ndugu hugombania hata upana wa tuta moja, sihitaji kukueleza sahihi bandia inaweza kufanya nini.

Sitaki kulalamika bila kupendekeza. Nina mambo matatu.

La kwanza ni kwa chama cha michezo. Tuwe na daftari moja gumu la kumbukumbu. Mwanamichezo yeyote akizuru shule yetu, au timu yetu ikikutana naye mashindanoni, atie sahihi humo mbele ya watu. Pembeni tuandike tarehe, mahali, na majina ya mashahidi wawili. Kitabu kama hicho hakitahitaji profesa. Miaka thelathini ijayo watoto wa shule hii watakishika wakijua kwamba mkono wa mtu ulipita pale kweli.

La pili ni kwa walimu wetu, na ninalisema kwa heshima. Mzazi anapokuja mara ya kwanza siku ya wazazi, naomba atie sahihi yake mara tatu kwenye kadi mbele ya mwalimu wa darasa. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole gumba bila kuonewa haya. Mfano ukiwa wa kweli tangu mwanzo, kulinganisha kutakuwa na maana. Mfano ukiwa wa uongo, kila ukweli utakaokuja baadaye utaonekana uongo.

La tatu ni letu sisi wanafunzi, hasa wale waliokuwa wakinipigia makofi. Dalili ni mashahidi, si hakimu. Mkono unaotetemeka waweza kuwa wa mwizi, waweza pia kuwa wa mzee, wa mgonjwa, au wa mama aliyeacha shule darasa la tatu. Uliza hadithi kabla ya kutoa hukumu. Na ukiisha kujua hakika kwamba mwenzako ametapeliwa, mvute kando umwambie polepole. Aliyeibiwa hastahili kuchekwa na walioketi naye darasani.

Rafiki yangu nilimwomba msamaha, naye akanisamehe. Kwa muda uliobaki wa muhula ule tulikula muthokoi kwenye sahani moja, na nakiri kwamba yeye hula haraka kuliko mimi. Fulana bado anayo. Huivaa saa za michezo, na mtu akimuuliza kama sahihi ile ni ya Kipchoge mwenyewe, hujibu, "La, ya Kipchoge sina. Bado ninaitafuta."

Ripoti ya muhula wa pili mama aliitia sahihi juzi. Aliandika polepole kama kawaida yake, nami niliketi kando nikiushika ukingo wa karatasi usipeperushwe na upepo.